Maji ya Chokaa

Kwetu hakuna maji yanayotupwa. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kuoshea samaki, maji yanayobaki kwenye kata mtu akishatawadha, yote huenda kiwandani, yaani kwenye ule uwanja mdogo usio na paa ulio katikati ya nyumba zetu za mawe, yakamwagiwa mti wa asumini. Bibi yangu mzaa mama aliukuta mti huo alipozaliwa, na desturi hiyo aliikuta pia. Kisima chetu kina chumvi, na birika la maji ya mvua hukauka mvua zikichelewa. Kwa hiyo maji yaliyokwisha kufanya kazi moja hupewa nyingine, na mti ukawa unakula tunachokula sisi.

Chuoni nilisomea udongo. Nilipofundishwa kwamba mmea unataka naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi, kalsiamu, magnesiamu na salfa kwa kiasi, kisha chuma, manganizi, zinki, shaba na boroni kwa chembe tu, nilikifikiria kiwanda chetu. Damu na magamba ya samaki, maji meupe ya mchele, majani ya chai. Asumini yetu ilikuwa imeandaliwa chakula miaka yote na watu wasioyajua majina ya vyakula vyenyewe. Niliandika hivyo katika insha na mwalimu akapiga mstari chini ya sentensi ile. Sikujua kama ameipenda au ameiona upuuzi. Mpaka leo naufikiria mstari ule.

Mimi ni mtu wa kufikiria sana. Mdogo wangu husema kichwa changu ni kama feni ya msikitini ambayo watu wameswali wakaondoka na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Nilirudi Lamu na shahada yangu ndani ya mfuko wa plastiki, nikaanza kutuma maombi ya kazi. Kungoja kuna uchovu wake. Hujafanya lolote, na bado jioni unajihisi kama umeshinda ukipakua mawe bandarini. Wengi hawakujibu. Waliojibu walitaka mtu mwenye uzoefu. Nilikuwa na uzoefu wa kukuna nazi, kuanika nguo juu ya dari na kuwaeleza watu mtaani kwa nini bado niko nyumbani. Watu walinisikiliza kwa huruma, na huruma ile ilinichosha kuliko maswali yenyewe.

Katika hali hiyo mdogo wangu akaposwa. Bwana harusi alikuwa kijana wa mtaa wa pili, anafanya kazi bandari mpya kule bara, mtaratibu, mwenye tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Kwa desturi yetu yeye ndiye angehamia kwetu, ghorofa ya juu, maana mtoto wa kike hupewa pa kukaa kwao. Ilibidi nyumba ipakwe chokaa. Fundi alikuja na ndoo zake na brashi zake, akapaka vyumba vya juu, akateremka ukumbini, akamalizia kuta za kiwanda. Kwa siku kadhaa nyumba ilinuka unyevunyevu wa chokaa mbichi na sote tulikuwa na madoa meupe kwenye visigino.

Kazi ilipokuwa karibu kwisha, mama yake bwana harusi alikuja kutazama. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo, na buibui lake hunukia udi hata siku za kawaida. Alipanda juu, akasifu vyumba, akashuka. Bibi akamkaribisha tambuu ya kutafuna. Alipokuwa akitoka akasimama mbele ya mti, ambao siku hizo ulikuwa umejaa, maua meupe yametapakaa hata chini.

"Asumini hii," akasema, "kwetu haitoi hivi kamwe."

Kisha akaenda zake.

Bibi aliutazama mlango mgeni alipokwisha kuufunga. "Mmemsikia?" akatuuliza.

"Amesifu," mama akasema.

"Amesifu. Na mashaallah iko wapi?"

Mimi nilikuwa nikikusanya mabaki ya tambuu na popoo, na nakumbuka nilifikiria kwamba suala hilo lingepita.

Halikupita, kwa sababu baada ya muda mti ulianza kugeuka rangi. Majani mapya, yale ya kwenye ncha za matawi, yalitoka manjano. Haikuwa manjano ya kuzeeka. Jani lilikuwa la rangi ya limau lililoiva, na mishipa yake imebaki kijani, kama mtu amechora wavu kwa kalamu. Machipuo mapya kila mara yalitoka meupe zaidi ya yaliyotangulia. Maua yakakoma. Vitumba vichache vilivyotokea vilikauka vikiwa vidogo kama punje za mchele.

Kuna jambo lazima lijulikane hapa. Kila bibi harusi aliyetoka nyumba ile alivaa kikuba kilichofungwa kwa maua ya mti ule. Kikuba ni kishada cha asumini na majani ya rehani kinachobanwa kifuani, na siku ya kuonyeshwa bibi harusi wanawake wote wa mji huja kutazama na kunusa. Bibi alivaa. Mama alivaa. Maua ya kununua yapo, watoto huyauza kwenye makopo, lakini Bibi alikuwa hataki kuyasikia.

"Ni jicho," akasema. "Ametia jicho mti, na atatia jicho mtoto."

Wiki ile mama yake bwana harusi alituletea sinia la mikate ya mofa na nyama. Sisi hatumrudishii mtu sinia likiwa tupu. Hata kama huna kitu unatia sukari, unatia ndizi, unatia mayai mawili. Bibi aliliosha sinia, akalifuta, akamwita mtoto wa jirani alipeleke tupu. Mdogo wangu alisimama mlangoni akalitazama likienda huku amejishika mdomo.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Bibi akatoa uamuzi wake mbele ya chakula. Harusi ingoje mpaka mti urudi.

"Bibi, yeye amepewa likizo tarehe hizo tu," mdogo wangu akasema. "Bandarini hawakupi likizo kwa sababu ya maua."

"Basi na angoje. Kama ni riziki yako haitapotea ndiani."

Mdogo wangu aliniangalia mimi. Sote tuliokuwa pale tulijua maana ya mtazamo ule. Mimi ndiye niliyelipiwa karo kusomea mchanga.

Nitasema ukweli kuhusu yaliyonipita kichwani. Nililitambua tatizo karibu mara moja, na kulitambua hakukunipa raha yoyote. Mmea ukikosa naitrojeni, majani ya zamani ndiyo huwa manjano kwanza, maana mmea huitoa naitrojeni kwa wazee na kuwapelekea wachanga. Chuma hakihami hivyo. Kikishaingia kwenye jani hubaki humo, kwa hiyo kikikosekana wanaoumia ni machipuo mapya. Ulikuwa upungufu wa chuma. Lakini hapohapo nikaanza: na kama ni manganizi? Dalili zake zinakaribiana. Na kama ni chumvi ya kisima? Kama ni minyoo ya mizizi? Kama nikisema chuma, nao wakaniamini, na mti ukafa, nitakuwa msomi aliyeua mti wa nyumba na harusi ya mdogo wake. Nilizunguka na mawazo hayo kwa siku kadhaa. Nilikuna nazi nikayafikiria, nikaoga nikayafikiria. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilitamani mtu aje aniambie nimekosea, nipumzike.

Mama naye alizika misumari yenye kutu kwenye shina, kwa sababu nilikuwa nimelitaja neno chuma mbele yake. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hata chuma kilichomo tayari kwenye udongo kilikuwa hakipatikani, sembuse misumari.

Nikaamua kufanya jaribio dogo. Nilichukua udongo wa shina la asumini kwenye kisahani, na mwingine kutoka kwenye kopo la rehani lililo darini. Nikavitia vyote viwili siki. Udongo wenye chokaa hutoa povu ukikutana na siki, hilo linajulikana. Mchanga wetu wa visiwa una chembe za matumbawe, kwa hiyo nilitegemea povu kidogo kwa vyote. Ule wa rehani ulichemka kidogo ukatulia. Ule wa asumini ulifura kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, ukamwagika nje ya kisahani.

Nilimwita Bibi aone, nikiwa na furaha ya kitoto.

Bibi akainama, akatazama, akajinyoosha. "Mmeona," akamwambia mama. "Mchanga watoa povu."

"Ni chokaa, Bibi. Siki inakutana na—"

"Mchanga ulotiwa mkono. Wa rehani haukutoa."

"Umetoa kidogo."

"Rehani hakuiona, iko darini. Ungemwonyesha na hiyo." Akajifunga mtandio vizuri. "Shukrani, mwanangu. Sasa nina hakika."

Mdogo wangu alinifuata jikoni. "Dada," akasema, "ulikuwa upande wangu au upande wake?"

Nilikiosha kisahani cha siki. Lakini povu lile lilinipa swali jipya. Kwa nini chokaa nyingi hivyo, na kwa nini sasa? Mti umeishi kwenye mchanga wa matumbawe maisha yake yote. Fundi alikuwa bado anarudi kumalizia ngazi za juu, nikampelekea chai na kumwuliza anaoshea wapi ndoo zake.

"Pale," akasema, akionyesha kiwandani kwa kidevu.

"Kwenye mti?"

"Kwenye mti. Mimi nilitaka kumwaga msalani, Bibi yako akanizuia." Akaiga sauti yake, na aliiga vizuri. "'Wewe, mai hayo wayapeka wapi? Mti una kiu.' Basi nikaupa mti. Kila jioni, ndoo na brashi na kila kitu. Kwani vipi? Chokaa si safi?"

"Ni safi," nikasema.

"Husafisha hata kisima."

"Najua."

Akanywa chai yake. Niliketi kwenye ngazi. Sasa nilikuwa najua kila kitu. Chokaa ilipoingia kwenye udongo ilikifunga chuma, kikageuka kitu ambacho mizizi haiwezi kukinywa. Mti ulikuwa umesimama ndani ya chakula na haukuweza kufungua mdomo. Na aliyeufanya hivyo ni Bibi, kwa mkono ule ule uliouweka hai, kwa sababu ya kutopoteza maji.

Nilimwambia mama. Mama alikuwa akichambua kunde, hakuinua macho.

"Usimwambie," akasema. "Umri wake huu ajue ameuua mti wa mama yake? Utafute dawa, upone, yaishe."

"Na yule mama anayesemwa?"

"Yaishe tu, mwanangu. Mimi nimechoka."

Nikanyamaza. Siku zikaenda. Bibi aliendelea kumtaja yule mama kila palipokuwa na nafasi, kwa jirani aliyekuja kuazima kinu, kwa muuza samaki, kwa shangazi yetu aliyepiga simu kutoka Pate. Kila alipomtaja nilijiambia kesho nitasema, kisha nikapanga maneno, kisha nikayaona maneno yote ni mabaya.

Nilikwenda bara kwa mjomba wangu, anayelima Kililana. Analima mipapai na nyanya, na nilikumbuka aliwahi kusema kuhusu majani ya mipapai yake kuwa manjano. Nilivuka kwa boti, nikapanda bodaboda kwenye jua la saa sita, nikamkuta ameketi kwenye kivuli cha banda akitengeneza bomba la kunyunyizia.

"Msomi," akasema. "Umekuja kunifundisha kulima?"

"Nimekuja kuomba, Mjomba."

"Shahada nzima hiyo, na unakuja kuomba kwangu?"

"Ile dawa ya chuma. Uliyonyunyizia papai."

Aliingia bandani akachokora, akatoka na pakiti iliyokunjwa mdomo na kufungwa kwa mpira. Ndani kulikuwa na unga wa rangi ya matofali. Chuma hicho kimetengenezwa kwa namna ambayo chokaa haikifungi upesi, na ukikichanganya na maji unaweza hata kukipaka kwenye jani lenyewe, likanywa moja kwa moja. "Kijiko tu," akasema, "ukizidisha utayachoma." Kisha akanitazama. "Umekonda. Kwani kuna nini huko kwenu?"

Nikamsimulia yote, jicho na povu na ndoo za fundi. Alicheka mpaka akaweka bomba chini. Kisha akaacha kucheka.

"Mwambie mama," akasema. Mama yake ndiye Bibi yangu. "Mnamwogopa bure. Yeye haogopi kukosea. Anaogopa kudanganywa."

Alinijazia pia magunia mawili ya udongo mweusi kutoka chini ya mikorosho, ulioshiba majani yaliyooza. Niliyarudisha kwa boti, na kutoka gatini yakabebwa na punda mpaka mlangoni kwetu. Bibi aliyaona akauliza kama sasa tunanunua mchanga.

Sikuunyunyizia mti wote. Hiyo ndiyo tabia yangu, nataka kuwa na hakika kabla ya hakika. Nilichagua tawi moja lililo usawa wa macho ya Bibi anapokaa barazani pa kiwanda, nikachukua pamba, nikapaka maji ya chuma nusu moja tu ya kila jani. Nusu ya kushoto nikaipaka. Ya kulia nikaiacha. Bibi alikuwa ameketi pale na tasbihi yake.

"Wayatia wanja?" akauliza.

"Dawa."

"Yakipona nusu, nusu ya pili itafanya nini?"

"Ndiyo nataka kuona."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye tasbihi. Niliendelea na mambo yangu. Nilituma ombi jingine la kazi, sikujibiwa. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikwenda kuyatazama yale majani, na kila asubuhi nilijiambia yamebadilika kisha nikajiambia ni macho yangu.

Aliyenihakikishia ni Bibi. Ilikuwa asubuhi, nikifagia, akaniita. Alikuwa amesimama mbele ya lile tawi, ameshika jani moja kwa ncha za vidole bila kulichuma.

"Hebu nitazamie," akasema, "macho yangu si mazuri. Hili jani ni rangi mbili?"

Lilikuwa rangi mbili. Nusu ya kushoto ilikuwa kijani, kijani ya kweli, na mpaka ulifuata mshipa wa katikati ulionyooka kama uzi. Nusu ya kulia ilikuwa bado limau. Na jani la pili lilikuwa hivyo, na la tatu.

"Ni rangi mbili, Bibi."

"Jicho haliponi nusu," akasema, kama anayejisemea. Alilishika jani kwa muda. "Ulipaka nini?"

"Chuma. Mti umekosa chuma."

"Miaka yote ulikuwa nacho. Kimekwenda wapi?"

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa yamepotea. "Kipo," nikasema. "Kipo mchangani. Chokaa imekifunga."

"Chokaa gani?"

Nilitazama ufagio.

"Chokaa ya ukuta," akasema. "Ya fundi." Akageuka akautazama ukuta mweupe wa kiwanda, kisha shina la mti, ambako mpaka siku ile palikuwa na ukoko mweupe ambao sote tulikuwa tukiupita. "Nalimwambia mwaga hapa."

"Hukujua, Bibi. Maji yote tunamwaga hapo."

"Nawe wajua tangu lini?"

"Tangu fundi aliponiambia."

"Kabla hujenda kwa mjomba wako?"

"Kabla."

Nilitarajia alie, au anyamaze, au aketi. Mama alikuwa amenitisha kwamba Bibi hangelistahimili. Badala yake aliniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Wajua tangu wakati huo," akasema, "na ukaniacha nimseme mama wa watu. Nimemsema kwa muuza samaki. Nimemsema Pate. Mti ni mti, mwanangu. Hii ni ghiba, na ghiba nitaijibu mimi, hutaijibia wewe. Niletee buibui."

"Sasa hivi?"

"Wataka nife nayo?"

Tulitoka. Bibi hatoki siku hizi ila kwa mazishi, na vichochoro vyetu si vya miguu yake. Alinishika mkono, tukasimama kupisha punda, tukasimama apumzike, tukaendelea. Njia nzima nilikuwa nikiwaza, na mwisho yakanitoka.

"Bibi, huenda yeye hajui kwamba ulimsema. Ukimwomba radhi ndipo atakapojua. Harusi yenyewe inaweza—"

"Ajue."

"Akikasirika?"

"Atakuwa na haki."

Sikuweza kuliwazua jambo lililokwishaamuliwa hivyo, na nadhani ndiyo mara pekee mwezi ule kichwa changu kilinyamaza.

Mama yake bwana harusi alikuwa kwenye ukumbi wake akikata kitambaa. Alipomwona Bibi mlangoni alisimama na mkasi mkononi, akataka kumbusu mkono. Bibi akauficha mkono.

"Sijaja kwa heshima," akasema. "Nimekuja kutaka radhi. Nimekusema. Nihalalishie."

"Umenisema nini, Bi?"

"Nimesema una jicho. Nimesema umeutia jicho mti wangu. Na kumbe ni mimi niloumwagia chokaa."

Yule mama aliuweka mkasi juu ya kitambaa, taratibu. Nilijiona nikimweleza mdogo wangu jinsi nilivyokuwepo harusi yake ilipovunjika.

"Ndiyo maana sinia langu likaja tupu," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nalidhani hamna kitu ndani." Alijishika shavu. "Nikamwambia mwanangu, wale watu harusi imewafilisi, hawana hata ndizi moya ya kutia. Nimemwambia apunguze wageni. Wallahi nimeona haya kwa ajili yenu."

Bibi alimtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilihitaji muda kufahamu kwamba anacheka.

"Na mashaallah nalitaka kuisema," yule mama akasema, sasa naye akicheka, akipangusa jicho. "Ulinipa tambuu kubwa, Bi. Ilinikaba pale pale. Nikaona nikifungua tena kinywa nitakuharibia ukuta wako mpya kwa mate mekundu."

Walinyweshana kahawa. Walisameheana kwa maneno marefu ya Kiarabu ambayo mimi huyasikia kwenye matanga. Tulipokuwa tukiondoka Bibi alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza, "Asumini yenu mwamwagia nini?"

"Mai ya samaki, Bi. Kama nyinyi."

"Na mlipopaka nyumba?"

"Hatujapaka. Mwanangu anahamia kwenu."

Siku zilizofuata nilichimba. Niliondoa udongo wote wenye chokaa kuzunguka shina, kwa mikono penye mizizi na kwa jembe dogo penye nafasi, nikaujaza ule wa mikorosho, nikaunyunyizia mti wote chuma. Niliupa maji ya birika, si ya kisima. Mdogo wangu alinisaidia kidogo kabla hajatiwa hina, baada ya hapo alikaa barazani na mikono juu akinielekeza. Misumari ya mama niliikuta yote. Nilimrudishia, akaikataa.

Mti haukuiwahi harusi, ambayo Bibi hakuitaka tena ingoje. Ulirudisha rangi, machipuo mapya yakatoka kijani, lakini ua haliharakishwi na mtu yeyote. Siku ya kuonyeshwa bibi harusi maua yalitoka kwa mama mkwe wake, sinia zima, limefunikwa kitambaa kilicholoanishwa. Sinia hilo halikurudi tupu. Bibi alikaa nasi tukafunga kikuba, na alipofika katikati aliniambia nikachume jani, lile la rangi mbili. Alilitia ndani, nyuma ya rehani, ambako hakuna ambaye angeliona. Nilitaka kumwuliza kwa nini, nikaona nimechoka kuuliza.

Shemeji sasa anaishi juu. Watu tumeongezeka, na maji ya mchele yameongezeka. Kilichobadilika ni kwamba Bibi hamwagi chochote bila kunishauri. Huniita nikiwa darini, nikiwa naoga, nikiwa nimelala mchana. Juzi nilikuwa kwenye simu na watu wa mahojiano ya kazi, wa kwanza kunipigia tangu nirudi, nimejifungia chumbani, nimevaa vizuri ingawa hawanioni. Walikuwa wameniuliza nina uzoefu gani. Mlango ukafunguka, Bibi amesimama na sufuria.

"Mai ya kunde," akasema. "Yana chumvi kidogo. Yafaa?"

Nikawaomba waningoje.